Chupa Aliyoileta Ouma

Kawangware,
9 Machi 2008

Kwako kaka Nzuki,

Pokea salamu zangu na za Mama. Wewe, wifi na watoto mko salama huko Kitui? Sisi tunapumua, na kwa mwaka huu hilo si jambo dogo.

Uliuliza macho ya Mama. Unajua yana presha, na dawa yake ni tone moja kila jicho, asubuhi na jioni. Kule Kambi Muru, tulikokuwa tukiishi, alitumia chupa moja na jirani yetu Adero, mgonjwa mwenzake wa kliniki. Ilitumika kwetu kwanza, kisha kwake. Vurugu za uchaguzi zilipotukimbiza mwezi wa kwanza, chupa ilikuwa kwa Adero.

Juzi nilimpeleka Mama kliniki. Daktari akakuta presha imepanda vibaya sana. Aliishusha, nami nikafurahi, nikadhani sasa Mama ataona. Akanieleza polepole kwamba kushusha presha kunaulinda mshipa wa jicho uliobaki mzima, lakini palipokufa hapafufuki. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona mbele tu, kama anachungulia kwenye tundu la kufuli. Kiondo alichokuwa anasuka amekiweka chini.

Mama alimuuliza daktari mbona dawa aliyokuwa akitia haikumsaidia. Jibu nilikuwa nalo mimi, nikamshika mkono tukaondoka.

Kaka, wiki ya pili baada ya kuhama, Ouma, mume wa Adero, alitembea kwa miguu hadi huku kutuletea ile chupa. Alisema wao watatafuta nyingine. Siku hizo majirani wa hapa kwenye ploti walikuwa wakisema Wajaluo, kabila la Ouma, wametukasirikia sisi Wakamba kwa ajili ya kura, na chochote kitokacho kwao kina sumu. Niliamini. Niliimwaga dawa, nikajaza maji yaliyochemshwa, kwa kuwa Mama alikuwa amemwona Ouma na angeulizia. Miezi miwili nimemtilia maji, naye akimwombea Adero baraka.

Jana Adero alikuja kumjulia hali. Mama aligeukia ukuta, akasema hana salamu kwa mtu aliyempa dawa mbovu. Adero alitoka akipapasa mlango, kwa maana ile chupa nyingine ya dawa hawakuipata.

Njoo kabla ya Pasaka, ili nikimwambia Mama ukweli uwe karibu. Naona aibu kubwa. Wifi na watoto wasalimie, usiwasomee haya.

Ni mimi dadako,
Kaluki