Kanzu Uliyoiomba Nikiwa Edani

Madungu,
Chake Chake, Pemba.
Ijumaa, 14 Februari 2025

Mpendwa mwanangu Qais,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, na baridi ya Uholanzi isiwe imekushika kifua kama mwaka jana. Mimi sijambo, alhamdulillah, isipokuwa magoti, nayo unayajua. Binti yangu Ruweida hajambo, bado anasomesha. Mvua za vuli zimetupitia kando na mihogo haikujaa.

Nimechukua kalamu kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungenikatiza.

Kwanza ujue kwamba kazi yako sikuidharau hata siku moja. Uliponieleza kuwa kila chenye uhai, kiwe mti, samaki au mtu, hutoa mvuke wake hewani, na kwamba nyinyi mnaikusanya mivuke hiyo na kuiweka kwenye kanzidata ili baadaye daktari aweze kujua maradhi ya mtu kwa pumzi tu, nilijivuna mtaa mzima. Nani alikupeleka Wambaa kwa wavuvi? Nani alimbembeleza Bi Mwanamize apulize kwenye mfuko wako? Ulipomfuata mbuzi wa Mzee Shaame na kichupa mkononi, mzee akaniuliza, "Bi Thuraiya, mwanao kasoma miaka yote hiyo kwa kuja kunusa mbuzi?" Mimi ndiye niliyekutetea.

Ulilalamika pia kwamba wanawake wa kwetu hawazifai mashine zako. Kila nguo uliyoipima ilitoa udi na asmini, mtu mwenyewe haonekani. Tulicheka mpaka machozi. Kumbe wewe ulikuwa ukiwaza nyumba isiyofukizwa utaipata wapi.

Mwezi wa saba mume wangu Nasor akafariki, yeye aliyekulea tangu mama yako, dada yangu Saada, alipotutoka. Ukapanda ndege ukaja, na watu wakasema huyo ndiye mtoto. Wakati huo mimi nilikuwa edani, sijipaki manukato, na chetezo cha udi kimewekwa juu ya kabati tangu siku tuliyomzika.

Nguo zake tulikwisha kuzifua na kuzikunja ili zigawiwe, kama ilivyo ada. Nikakwambia uchague kanzu ya kumkumbukia baba yako. Ukazipita zote. Ukaitaka ile moja ambayo sikuifua, aliyoivaa siku ya mwisho kabla hajaanguka kitandani, ambayo nilikuwa naiweka chini ya mto wangu. Nikasema moyoni, mtoto huyu anakitaka kile kile ninachokitaka mimi, basi haya ni mapenzi. Nikakupa, Qais. Nilibaki bila chochote chenye harufu yake, na bado nilifurahi kwamba kimekwenda kwako.

Wiki iliyopita ukaniletea sauti kwenye simu, una furaha kama bwana harusi. Baba kaingia kwenye kanzidata, unasema. Sampuli safi kuliko zote za kisiwani, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya eda. Mkakata shingo na makwapa ya kanzu, mkavitia chupani, mkavipasha moto mpaka kilichokuwemo kikatoka chote. Ulisema hayo kama mtu anayenipa zawadi!

Kwa hiyo ulipokaa nami mkekani ukilia, ulikuwa umeshajua unachokitaka. Umenihaini, mwanangu. Ungeniambia kweli, huenda ningekukatia kipande kwa mkono wangu mwenyewe, nami nikabaki na kilichosalia. Hukunipa hata nafasi ya kukataa.

Ruweida aliufungua ukurasa wenyewe kwenye simu yake, akidhani nitatulia. Mwanamume, miaka sitini na tisa, kisiwa cha Pemba. Kisha akanisomea majina ya mivuke, mengi, na sikulijua hata moja. Alipokwenda jikoni niliiinua simu nikainusa. Ukitaka kucheka cheka, mimi nimeshajicheka. Ilinuka vitunguu alivyokuwa akivikata.

Usiniombe msamaha kwa simu. Ramadhani iko mlangoni. Njoo ukae na mimi hapa, na begi lako la vichupa liache huko huko. Sijakulaani, Mungu apishe mbali. Lakini siwezi kukwambia kwamba niko radhi nawe wakati siko.

Ruweida anakusalimu, shingo upande. Mjomba wako Mmanga wa Makoongwe anakusalimu sana. Yeye sikumwambia kitu, anadhani kanzu ile unaivaa Ijumaa ukienda msikitini. Nisalimie mkeo Rumaitha, na umbusu mtoto kwa niaba yangu.

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akuzidishie elimu, na pamoja na elimu akutie huruma. Kanzu nirudishie, na vipande vyote, hata vile mlivyovipasha moto. Nitavishona mwenyewe. Najua umesema hakuna kilichobaki, lakini nakuomba, usivifue.

Mimi mama yako mdogo, ninayekupenda na kukukasirikia,

Thuraiya