Nyuzi Nne Zaidi

Jumatatu, 4 Juni 2007

Makala ya utafiti wetu wa dawa imetoka. Waandishi sita. Langu halimo! Miaka miwili nimelisha zile seli za saratani, Jumapili na sikukuu, na Daktari Wahome ameandika hata jina la mkewe, asiyejua mlango wa maabara unafunguka upande gani. Nilipomuuliza alicheka. Eti teknishani hushukuriwa, haandikwi. Hata hiyo shukrani sikuiona. Atanitambua.

Alhamisi, 7 Juni

Themomita mpya imefika. Ile ya zamani ilivunjika Januari, Daktari akasema tuamini tu mashine. Haya — inkubeta, kabati la joto tunamokuzia seli, inaonyesha nyuzi 37 kwa nje. Ndani ni 41. Nimepima mara tatu.

Basi amekwisha. Protini lazima ikunjwe sawasawa ndipo ifanye kazi, na protini nyingine ziitwazo shaperoni ndizo husaidia kuikunja. Seli ya saratani imejaa protini mbovu, kwa hiyo huziegemea shaperoni sana. Dawa ya Daktari huzizuia. Sawa. Lakini joto nalo huvuruga mikunjo! Seli zetu zilipikwa, kisha zikanyimwa msaada. Zingekosaje kufa?

Jumapili, 10 Juni

Nimerudia jaribio kwa siku mbili kwenye inkubeta ya ghorofa ya juu, 37 kamili. Dawa ile ile. Seli ziko hai, zimenona. Nimecheka peke yangu.

Baada ya kanisa namsikia Daktari redioni. Eti amepata dawa ya saratani ya matiti, Ijumaa ataitangaza hotelini mjini. Aongee tu. Apande juu kabisa. Nitainua mkono mbele ya wageni wake wote, nimuulize joto lilikuwa ngapi. Sijamwambia mtu. Akinusa tu ataahirisha, atengeneze mashine, na mimi nibaki mjinga.

Jumanne, 12 Juni

Mama Okinyi amekuja, yaani Peres, jirani wa mlango wa pili. Ndiye aliyenipikia uji wiki nzima nilipokuwa na taifodi. Machi walimpata na saratani ya titi. Leo amevaa gauni la kanisa.

"Munyiva, si huyo wa redio ni mdosi wako? Nimeambia hospitali kesho sikuji. Hiyo operesheni wapee mtu mwingine. Mimi nangoja dawa yenu."

Miezi mitatu amengojea hicho kitanda! Nimeuliza kama wanaweza kumrudishia. Anasema labda, ukipiga simu leo kabla ya saa kumi na moja, lakini ya nini?

Nikimwambia dawa haifanyi kazi, mumewe atajua leo leo. Na mumewe ndiye mlinzi wa geti letu la maabara, humsimulia Daktari kila kitu.

Nimemwambia akae nichemshe chai. Niko jikoni naandika. Ijumaa si mbali, ni siku tatu tu. Namchukia yule Daktari. Peres anaimba huko sebuleni.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Chai imechemka kitambo. Ananiita tena, anauliza kama sukari imeisha akanichukulie kwake.