Feni ya Jiko la Mama

Baba,

Shikamoo. Naiandika hivyohivyo, ingawa marahaba yako sitaisikia tena, kwa kuwa mkono umekataa kuanza vingine.

Feni yako imekufa. Nakwambia mapema kwa sababu ulikuwa humpendi mtu anayezungukazunguka na habari mbaya. Imekufa juzi, na mimi nimemtamkia Mama neno ambalo sijui nitalifutaje.

Tangu presha ikuchukue asubuhi ile, feni ikiwa bado haina mapanga, Mama yuko eda. Hatoki. Na uani kwetu unapajua: wapangaji wanaume wanapita kutwa nzima kwenda bombani na chooni, basi yeye akipika anafunga mlango wa jiko asionekane. Mvua zimelowesha kuni zote. Moshi haupati pa kutokea, na kifua chake ni kilekile kilichokufanya uanze kuhangaika na feni. Gesi anaiogopa. Kuvuta waya wa umeme chini ya lile paa linalovuja ulishakataa mwenyewe. Nikisema nipike mimi, ananijibu, "Niache mwanangu, nikikaa bure namuona babako."

Kwa hiyo nikaimalizia. Mimi, mshika tochi wako. Kile kigae chembamba cheupe tulichokitoa kwenye mashine mbovu ya maji baridi nilikikuta kwenye kopo la misumari, umekifunga kwa kitambaa. Nilikumbuka ulivyonionyesha pale barazani: upande mmoja upate moto, upande wa pili upoe, katikati unapata umeme wa kuzungusha kimota cha deki mbovu ya video. Mapanga nikayakata kwenye kopo la maziwa. Mara ya kwanza niligeuza nyaya, yakazunguka kinyume, moshi wote ukanijia usoni. Nikacheka peke yangu, kisha nikalia, maana ungenicheka sana. Lile bati la mapezi la kupoza upande wa pili nikalibandika kwenye kigae kwa ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto iliyobakia kwenye bomba la sindano, nikakaza kwa waya.

Ilizunguka, Baba! Niliiegemeza ubavuni mwa jiko, kuni zikashika, na baada ya dakika chache mapanga yakaanza yenyewe, taratibu, halafu kwa kasi. Moshi ukapungua, moto ukachangamka. Mama alipika wali mpaka ukaiva, hakukohoa hata mara moja. Akaiambia feni, "Ahsante Bakari," kama vile umempokea ndoo ya maji. Siku nne nyumba ilikuwa na watu watatu.

Siku ya tano nilirudi kutoka dukani nikaikuta inang'aa. Mama alikuwa amefungua waya, akasugua kila kitu kwa majivu na mchanga mpaka bati likawa jeupe, kama anavyosugua masufuria yake tangu nizaliwe. Ile dawa ya kijivu aliiona uchafu, akaikwangua yote. Kisha akafunga waya vilevile, vizuri kabisa, akairudisha kwenye moto. Bila dawa, joto halikupita kwenda kwenye mapezi. Lilibaki ndani ya kigae mpaka kikaungua.

"Mie niliona limejaa masizi," akaniambia, na uso wake una furaha. "Babako hapendi kitu kichafu."

Hapo ndipo nilipomwambia, "Umemuua mara ya pili."

Alijifuta uso kwa kanga, akainama, akaanza kupuliza moto kwa mdomo. Tangu juzi anapika, ananipakulia, ananiwekea maji ya kunawa. Haongei. Kikohozi kikimbana ananipa mgongo, ili nisione. Feni ameikung'uta majivu na kuiweka juu ya kabati, karibu na kofia yako.

Nimezunguka kwa mafundi wote wa Ngamiani na kigae kilichokufa mkononi. Hakuna aliye nacho. Mmoja alinishauri nitafute mashine nyingine ya maji iliyoharibika. Nikaenda ofisi mbili kuuliza, wakanitazama kama mwendawazimu. Na hata nikikipata, Baba, si kile ulichokifunga wewe kwa kitambaa. Nimechoka. Nikiingia jikoni nalisikia lile neno langu kwanza, ndipo naisikia harufu ya moshi. Wewe ungeniambia nini? Nakutafuta kichwani hunijibu, na hilo ndilo linalonimaliza.

Eda yake bado ina miezi miwili na siku kadhaa. Na kifua kile, sidhani kama... siwezi kuliandika.

Lala salama, Baba. Mwenyezi Mungu akupanulie huko ulikolala, akupe hewa safi. Feni sikuahidi, sina kigae wala akili yako. Nakuahidi hili tu. Jioni ya leo, Mama akifunga mlango wa jiko, atanikuta nimeshakaa ndani, chini, mbele ya moto. Nitamshika miguu nimwombe radhi, akinisamehe asinisamehe. Kisha apike yeye, kama anavyotaka. Kupuliza nitapuliza mimi, kila chakula, mpaka eda iishe. Moshi utakaotoka uingie kwangu kwanza.

Mwanao,
Zuhura