Kombe la Injini

Kilwa Kivinje, Jumatano

Na mimi nilishakubali kutafuta injini mpya. Fundi Saidi alisema hii ya mashua yetu imekufa, hata kuifumua na kuiunda upya ni kujisumbua bure. Usingizi ulinipaa.

Leo kafungua tangi la mafuta, akanusa, akaniuliza nani katia maji ya zafarani.

Mama. Alisikia injini inakohoa, akaenda kuiandikishia kombe kwa mwalimu wa chuo, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, akaimiminia lote.

"Mgonjwa hunyweshwa dawa," kanijibu, wala hakuona haya.

Fundi akamwaga yote, akasafisha tangi na bomba lililoziba kwa taka, akatia mafuta mapya. Injini ikanguruma, kikohozi hakuna.

Sasa mama anatangaza mtaa mzima kwamba kombe limeponya. Jirani ameshaleta cherehani yake.