Ukurasa Uliotafunwa na Panya

Mpendwa Mutheu,

Hapa Kyuso tuko salama, ndengu zimechanua. Umeuliza kama ubandike selotepu kwenye kitabu cha nyimbo nilichokupa. Usibandike, mjukuu wangu. Gundi yake huharibu karatasi polepole.

Nikiwa msichana, baba yangu aligundisha ukurasa uliochanika kwa uji wa mtama, akakiweka kitabu ghalani. Panya wakatafuna uji pamoja na ukurasa. Mama, mwenye kitabu, alicheka huku machozi yakimtoka: "Baba Syombua, umewapikia panya!"

Tangu hapo alikifunga kwa kitambaa safi, akikifungua kwa mikono mikavu. Nawe fanya hivyo. Beti zilizoliwa aliniimbia hadi nikazishika, na sasa ninazo mimi tu. Njoo Desemba nikuimbie, uziandike, karatasi tuiweke pale palipo na pengo.

Susu wako,
Syombua