Risasi za Nekesa Zimelingana na za Kiwandani

Zimelingana, Baba Nekesa! Risasi alizojaza mtoto wako kwa mkono zimelingana na za kiwandani, na katibu wa klabu ya shabaha amempa ufunguo wa chumba chako mbele ya watu wote!

Ngoja sasa nikusalimie, maana nimeanza kama mtu ambaye nyumba yake inaungua. Hujambo huko uliko, mume wangu? Sisi huku Tuwan tuko salama, na mimi bado nauza nafaka sokoni Kitale, kibanda ni kile kile. Mwandiko wangu unaujua, ule wa darasa la sita unaopanda mlima. Wa gazetini wameniambia barua hii itasomwa na watu wengine pia. Wasome. Mtu haringi gizani.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipokuja kununua maharagwe? Nilijaza gorogoro langu la kupimia mpaka likawa na kilele kama Mlima Elgon, kisha nikaongeza konzi moja juu kwa sababu shati lako lilikuwa safi. Wewe ukaokota kijiti, ukafuta kilele chote, kikarudi guniani. "Nipimie sawasawa, dada," ukasema. "Nimelipa gorogoro moja." Nikakuuliza, wewe ni mwanamume wa aina gani anayekataa nyongeza? Wanawake wa pale walicheka wiki nzima. "Yule wako wa kijiti amekuja," waliniambia kila ulipotokea. Na ulitokea mara nyingi sana kwa mtu aliyekuwa anapika peke yake.

Kazi yako nilikuja kuielewa baadaye. Wale wa klabu ya shabaha hupiga karatasi tu, hata kanga hawamgusi, na risasi za kiwandani hutoka mbali na huchelewa. Basi wewe, na kibali chako chenye mhuri, ulikusanya maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, ukayasafisha, ukayajaza upya katika chumba chako pale klabuni: fataki ya kuwasha, baruti, kichwa cha risasi. Ukirudi nyumbani unapachika karatasi mbili dirishani, moja kando ya nyingine, jua lipite kwenye matundu. Moja ilipigwa kwa risasi zako, nyingine kwa za boksi la kiwandani. "Mama Nekesa, yangu ni ipi?" Nikikosea, unafurahi kuliko mtu aliyepandishwa cheo. Ulisema watu wanadhani kiwanda kinashinda kwa nguvu. "Kinashinda kwa sababu hakichoki kurudia kitu kile kile."

Ulipotuacha, chumba kilifungwa. Nekesa alikuwa amefanya kazi kando yako miaka minne, na kibali anacho, lakini katibu mpya akasema chumba kitageuzwa stoo, isipokuwa aonyeshwe kwamba risasi za mkono bado zinaweza kulingana na za kiwandani. Ndugu yako Wafula akanipigia simu kutoka Bungoma. "Shemeji, mtoto wa kike na baruti, wapi na wapi? Si umtafutie kazi ya duka." Nilichomjibu siwezi kukiandika hapa, watoto watasoma.

Jaribio la kwanza alishindwa, bana. Bunduki moja, mpigaji mmoja. Za boksi zilikaa pamoja kama vifaranga, za Nekesa zikatawanyika, moja juu, nyingine chini. Katibu akaamuru zilizobaki zifunguliwe, baruti ipimwe. Kila moja ilikuwa imezidi kidogo, na hakuna mbili zilizozidi sawa. "Hii ni hatari, msichana," akamwambia. "Umebaki na nafasi moja."

Alirudi nyumbani. Hata chai alikataa, na wewe unamjua Nekesa na chai. Nikamwekea nafaka ya wimbi kwenye sahani, nikampa kijiko. "Hebu nionyeshe vile unapima." Akajaza, akafuta kwa kisu, vizuri kabisa, kama mkono wako mwenyewe. Halafu vidole viwili vikarudi kwenye sahani, vikachota punje chache, vikaweka juu.

"Hiyo ni ya nini?"

"Gani?"

"Hiyo umeweka saa hii."

Akaangalia vidole vyake kama ni vya mtu mwingine. "Ai! Nyongeza. Si ni vile unafanyia wateja, Mama?"

Baba Nekesa, nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikalia. Mtoto huyu amekulia kibandani kwangu tangu ajifunze kutambaa. Mkono wangu wa kuongeza umesifiwa mpaka Kipsongo, nami nilijivunia kumrithisha. Kumbe ndio uliokuwa unamnyima kazi. Nikamwambia, "Nyongeza ni ya sokoni. Kwenye chumba cha baba yako, anayeongeza na anayepunguza ni mwizi mmoja." Nikamfunga vile vidole viwili kwa kitambaa, akapima wimbi siku tatu mfululizo. Ya nne nilimfungua, navyo vikatulia.

Jumamosi iliyopita nilivaa kitenge changu cha Pasaka nikaenda mwenyewe klabuni. Wakapiga kumi za boksi na kumi za Nekesa, kila kumi kwenye karatasi yake. Katibu akazipachika dirishani, akaziangalia weee, akanyoosha kidole. "Hii ndiyo ya kiwandani." Nekesa akasema polepole, "Hapana, mzee. Hiyo ni yangu." Nilipiga kigelegele mpaka mlinzi wa geti akaja mbio! Nikawaambia wote, "Huyo nimemzaa mimi!" Sasa tafuta Kitale nzima, uniletee msichana mwingine kama huyo.

Lakini nikuambie ukweli. Watu walipokuwa wanampa mkono, mimi niligeuka kukuambia, nikakuta ukuta. Mwaka wa pili huu, na bado nageuka. Kaburini kwako sijarudi tangu tukuzike, nilikuwa sina cha kukuletea. Sasa ninacho.

Lala vizuri, mtu wangu wa sawasawa. Usishtuke ukisikia kelele: tunakuja nyumbani Sirisia kukushukuru, kuku siku zao zimeshahesabika, wanawake wa soko wote wanakuja, katibu pia, na Wafula nimemwambia aje na koti na aje na maneno ya kuomba msamaha. Mimi Mama Nekesa wako nimeshasema, na anayesoma hapa naye ameshaalikwa: Jumamosi ya pili ya Desemba, saa nne asubuhi.