Jicho la Kushoto Limefumba

Takawiri, Jumatano

Dada Atieno mpendwa,

Salamu kutoka kisiwani kwa shangazi, mimi mzima. Ulitangaza dukani, mbele ya wateja, kwamba daktari akinipunguza ngozi ya kope zangu zilizolegea nitalala macho wazi kama samaki mbuta. Hilo liliniuma kuliko nyuzi zote kumi na mbili alizonishona daktari. Uvimbe uliisha siku ya kumi, lakini jicho la kushoto likabaki na ufa mwembamba kila nilipolifumba, na daktari alikuwa amenionya kwamba jicho lisilofumba hukauka na kuharibika. Nikatia dawa mara nne kwa siku.

Leo, siku ya kumi na tisa tangu kisu, tulikuwa tukianika dagaa wa omena, mara wingu la vijidudu vya ziwa likatufikia. "Funga macho, nyathina, mwanangu!" shangazi akapiga kelele. Nikafumba. Akanisogelea, akachungulia. "Yote mawili! Hata kidudu kimoja hakipiti!" Akacheka mpaka akameza vitatu.

Hapa samaki ni mtamu na upepo ni mzuri. Wasalimie watoto. Jumamosi nitafika Migori. Uniombe msamaha mbele ya wateja walewale, kisha nikukumbatie, maana nina hamu nawe tangu siku ya kwanza.

Mdogo wako,
Akoth